Hatua ya ngapi? Swali tunaloliogopa nyumbani

Mwaka jana mama mdogo wangu alirudi kutoka hospitali na bahasha ya majibu mkononi. Tulikuwa wanne barazani na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Akavunja kimya mwenyewe: "Daktari asema ni hatua ya tatu. Ya tatu kati ya ngapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, mimi ambaye kila wiki nawaandikia nyinyi wasomaji. Jirani mmoja alishaanza kulia.

Kila Oktoba twaona mabango na fulana za waridi, twaambiwa tujichunguze matiti. Ni vyema. Lakini ni wachache watuelezao maana ya hizo hatua, na pale pasipo maelezo, hofu hujaza nafasi. Kwa hivyo nilikwenda kuuliza, na haya ndiyo niliyoelewa.

Hatua haihesabu miezi uliyougua. Hueleza uvimbe ni mkubwa kiasi gani na umefika wapi. Katika hatua sifuri, seli mbovu zimo ndani ya mirija ya maziwa na hazijatoka. Hatua ya kwanza, uvimbe hauzidi sentimita 2, tuseme urefu wa kokwa ya tende. Hatua ya pili, mara nyingi uvimbe ni wa sentimita 2 hadi 5, au umegusa tezi chache za kwapani. Hatua ya tatu, umeingia tezi nyingi, au umefika kwenye ngozi au ukuta wa kifua, lakini haujasafiri mbali. Hatua ya nne ndiyo umefika mifupa, mapafu, ini au ubongo. Hata hapo huitwa saratani ya matiti, si saratani mpya ya mifupa.

Basi ya tatu ni kati ya nne. Lakini hatua ya tatu si sanda. Madaktari bado hutibu kwa nia ya kuponya: dawa za kemo, upasuaji, mionzi. Hatua ya nne kwa kawaida haiponi kabisa, ila hutibiwa, na wako wanaoishi nayo miaka.

Hata hivyo tusidanganyane, tofauti ni kubwa. Takwimu za Marekani zaonyesha kuwa saratani ikigunduliwa ingali ndani ya titi, karibu wagonjwa wote huwa hai miaka 5 baadaye. Ikigunduliwa imeshasambaa mbali, ni kama theluthi moja tu.

Hapa ndipo penye msiba wetu. Mama mdogo aliugusa uvimbe ule kabla ya Ramadhani. Haukuuma, akaona si kitu. Kisha ikawa haya, nani atamwonyesha kifua? Zahanati aliyokwenda mwanzo ilimpa dawa za maumivu bila hata kumpapasa. Ikafuata harusi ya binti, kisha chupa za mitishamba. Alipokatwa kinofu cha kupimwa, miezi tisa ilikuwa imepita. Siwezi kusema ulikuwa hatua gani siku ile ya kwanza. Najua tu kwamba ulikuwa mdogo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa malengo: angalau asilimia 60 ya saratani hizi zigunduliwe katika hatua mbili za kwanza, na majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mhudumu. Siku 60! Kwa hivyo si wanawake pekee wa kulaumiwa. Serikali zetu za kaunti zinapojivunia zahanati mpya, tuziulize: muuguzi aliyemo amefunzwa kupapasa titi? Kinofu kikitoka Lamu au Tana River, majibu hurudi lini? Kuchelewa kuna gharama pia. Bima ya SHA imeweka kikomo cha matibabu ya saratani kwa mwaka, na kikomo hicho ni cha nyumba nzima. Saratani iliyokua hukimaliza upesi.

Mkifika kwa daktari, ulizeni matatu. Ni hatua gani? Ni aina gani, yaani imepimwa homoni na HER2? Maana wawili wa hatua moja waweza kupewa dawa tofauti. Na tatu, matibabu haya ni ya kuponya au ya kutuliza? Mgonjwa ana haki ya kujua, si sisi kumficha eti tunamhurumia.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mama mdogo amemaliza kemo na upasuaji, sasa yuko kwenye mionzi. Juzi binti yake wa miaka 31 alihisi kitu kifuani. Safari hii hatukungoja harusi ya mtu. Kesho yake alikuwa hospitali.