Dunia Ilicheza Kizulu, Nani Alivuna?

Wapo wasomi wa Kiafrika ambao hadi leo hushikilia kwamba msanii hawezi kusikika duniani mpaka aimbe kwa Kiingereza. Hoja hiyo ni kasumba tupu, na mwaka 2020 iliumbuka hadharani.

Mwishoni mwa mwaka 2019 Master KG, kijana wa jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, alitoa wimbo uitwao "Jerusalema". Mwimbaji alikuwa Nomcebo Zikode, na lugha ilikuwa Kizulu. Ni sala ya mtu anayemwomba Mungu makao na ulinzi. Februari 2020 kikundi cha Angola, Fenómenos do Semba, kilijipiga picha kikiucheza wimbo huo, wachezaji wameshika sahani za chakula mikononi. Picha hizo zikaenea katika intaneti. Hatua za ngoma ile zilikuwa nyepesi, na kila aliyetazama aliona kuwa naye anaweza.

Ugonjwa wa korona ulipowafungia watu majumbani, wauguzi, masista wa kanisa na polisi wa Ulaya walijipanga mistari wakacheza. Kila kundi lilionyesha picha zake, na kundi jingine likaiga. Septemba mwaka huo Rais Cyril Ramaphosa aliwahimiza wananchi wake waucheze katika Siku ya Urithi. Mamilioni ya watu walinyanyua miguu bila kujua maana ya neno hata moja. Lugha haikuwa kikwazo hata kidogo.

Lakini wanaoishia kushangilia wameona nusu tu ya jambo. Kupendwa si kumiliki. Mwaka 2021 kampuni ya Warner ilizidai malipo taasisi za Ujerumani zilizotoa picha za ngoma hiyo, zikiwamo za polisi na za tiba. Mwaka huo huo Nomcebo alilalamika hadharani kwamba bado hajalipwa jasho lake, na mgogoro ukazuka juu ya migawo.

Watetezi wa makampuni husema kuwa sheria ya hakimiliki humlinda msanii, na kwamba bila mtaji wa kampuni wimbo haufiki mbali. La kwanza ni kweli pale tu fedha inapomfikia msanii mwenyewe. La pili linakanushwa na "Jerusalema" yenyewe. Aliyeusambaza wimbo ule ni mchezaji wa Angola na muuguzi aliyetoka zamu, na hakuna aliyewaajiri kufanya kazi hiyo. Umma ulipomaliza kuubeba, ndipo mwenye daftari la madai alipojitokeza.

Wala mchezo huu si mgeni. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu mfanyakazi, alirekodi "Mbube" mjini Johannesburg, akauza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo huo ulivuka bahari, ukabadilishwa maneno, ukatajirisha wengine Marekani. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake waliishtaki kampuni ya Disney mwaka 2004, na mapatano yakafikiwa mwaka 2006. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Linda alichumia juani, kivuli wakakaa wengine.

Basi swali la kumwuliza kijana mwenye kipaji si kama anajua Kiingereza. Swali ni kama anajua kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kuimba na asimfundishe kuwa sauti yake ni mali, amefanya nusu ya kazi. Mtumishi wa umma anayeshughulikia hakimiliki na kuacha jalada la msanii lipate vumbi, anamsaidia mnyonyaji hata kama hajapokea senti yake. Lugha za Afrika zimekwisha kuthibitisha nguvu zake. Kinachosubiriwa ni mavuno yarudi kwa aliyelima.