Mvuvi wa Wasini Asifanywe Mgeni Baharini Mwake

Mtu akiitazama ramani ya Afrika Mashariki ataona mstari unaotoka pwani karibu na Vanga na kuingia baharini kati ya Kenya na Tanzania. Mstari huo ni halali, na kila taifa huru lina haki ya kuilinda mipaka yake. Lakini ramani haiwaonyeshi watu waliokuwa wakiyavuka maji hayo karne nyingi kabla ya kuwako wino wa kuuchora mstari wenyewe. Miongoni mwa watu hao ni wenyeji wa Kisiwa cha Wasini, katika Kaunti ya Kwale.

Wasini ni kisiwa kidogo kinachotengwa na bandari ya Shimoni na mlango mwembamba wa bahari. Kina vijiji viwili vikubwa, Wasini kwenyewe upande wa magharibi na Mkwiro upande wa mashariki. Kisiwa kizima ni jiwe la matumbawe. Hakina mto, na kwa vizazi vingi watu wake waliishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa katika mabirika na kwa maji yaliyopakiwa vyomboni kutoka bara. Kwa kuwa ardhi hiyo ya mawe haina rutuba ya kutosha kilimo kikubwa, riziki ya watu hawa imekuwa baharini. Kwao bahari ndiyo shamba, na ndiyo barabara iendayo Vanga, Tanga na Pemba, ambako wana jamaa, wakwe na marafiki wa biashara.

Wenyeji hao ni Wavumba, na watawala wao wa kale walijulikana kwa cheo cha Diwani. Lahaja yao, Kivumba, ni miongoni mwa lahaja za Kiswahili zilizowavuta wataalamu tangu zamani, H. E. Lambert aliandika juu yake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1957. Ni dhahiri, basi, kwamba wanaoishi mpakani hapa ni jamii kongwe yenye historia, lugha na ujuzi wake, wala si watu waliotupwa pembezoni na bahati mbaya.

Mpaka wenyewe ulianzaje? Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana nchi hizi, na mstari wao ukaanzia mdomoni mwa Mto Umba ukielekea Ziwa Jipe. Waliopatana walikuwa Ulaya, Mvumba hakuulizwa. Baada ya uhuru, mataifa mawili yenyewe yalikaa kitako kuhusu upande wa bahari, na kwa hati zilizobadilishwa Desemba 1975 na Julai 1976 yakaafikiana mpaka upite wapi. Sehemu moja ya mpaka huo ilipimwa kwa kutumia minara miwili ya taa, mmoja wa Mpunguti ya Juu, kisiwa jirani cha Wasini, na mwingine wa Ras Kigomasha, kaskazini ya Pemba. Taa zilizowekwa kuwaongoza mabaharia wa pande zote zikawa alama za kuwatenganisha.

Hata hivyo, walioandika hati hizo hawakumsahau mvuvi. Walikubaliana kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wanaovua kwa ajili ya kujikimu, waruhusiwe kuvua hadi maili 12 za baharini kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Neno hili ni zito. Maana yake ni kwamba serikali mbili zilitambua kuwa riziki ya mwananchi ilitangulia mpaka. Kwa bahati mbaya, miezi michache tu baadaye, Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ikivunjika, mpaka wa nchi hizi ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hivyo ahadi iliyoandikwa kwa ajili ya wanyonge ilikutwa na dhoruba ya siasa kabla haijazoeleka.

Leo mambo ni tofauti. Jumuiya mpya ilianza kazi mwaka 2000, na itifaki ya Soko la Pamoja imetumika tangu Julai 2010. Haifai, katika zama hizi, mvuvi wa mashua ya tanga aliyesukumwa na kusi au aliyemfuata samaki hadi ng'ambo ya pili apokewe kama mhalifu na afisa ambaye hajapata kuisikia hati ya 1976. Mstari wa baharini hauna boya wala ukuta. Mvuvi huyo hana chombo cha kumwonyesha alipo. Ana nyota, vilima na rangi ya maji.

Wapo watakaosema kwamba ulegevu mpakani huwafungulia mlango wafanya magendo, wavuvi wa baruti na wenye nyavu haramu. Hoja hiyo ni ya kweli, na mwenyeji wa Wasini ndiye wa kwanza kuumia mwamba unapobomolewa. Lakini dawa ya mwizi si kuwafunga majirani wote. Afisa anayewajua watu wake hutambua upesi yupi ni mvuvi mwenye malema na mshipi, na yupi amekuja na mzigo wa magendo. Asiyewajua huwaona wote kuwa sawa, na mara nyingi humkamata aliye dhaifu, kwa kuwa mwenye mashine ya kasi amekwisha kwenda.

Liko pia suala la maana ya kujikimu. Mvuvi wa kisiwani hawezi kula samaki peke yake. Sharti auze changu na pweza apate unga, mafuta ya taa na ada ya mtoto. Iwapo sheria itasomwa kwamba anayeuza samaki watano hajikimu bali anafanya biashara, basi haki iliyotolewa mwaka 1976 itakuwa imenyang'anywa kwa ncha ya kalamu.

Wasini imekwisha kuuonja mstari mwingine. Hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, iliyotangazwa mwaka 1973 na kupangwa upya mwaka 1978, iliyafunga kabisa kwa uvuvi maji ya Kisite na kuyawekea masharti yale ya Mpunguti. Matumbawe yamefaidika na wageni wanakuja, lakini mvuvi alipoteza sehemu ya shamba lake. Kilichoponya kidonda, japo kidogo, ni wenyeji kushirikishwa katika mapato. Kina mama wa Wasini walijenga ujia wa mbao juu ya bustani ya matumbawe makavu nyuma ya kijiji, wakawa wanatoza ada wageni wanaoitazama. Funzo lake ni kwamba sheria hudumu pale anayeibeba anapopata sehemu ya faida yake.

Mambo matatu yanapasa kufanywa. Kwanza, hati ya 1976 itolewe kwa Kiswahili chepesi na ibandikwe kila bandari ndogo, kuanzia Shimoni na Vanga hadi Moa na Mkoani, ili mvuvi na afisa wasome maneno yale yale. Pili, watumishi wa umma wanaopangiwa kazi huko wasiuchukue uhamisho wao kama adhabu. Anayehesabu siku za kuondoka hawezi kumhudumia mtu asiye na pa kuondokea. Tatu, walimu wasimcheke mtoto anayekuja darasani na Kivumba chake, bali wamwongoze kwenye Kiswahili sanifu bila ya kumvunja heshima. Mtoto huyo anajua majina ya pepo, miamba na samaki ambayo kamusi nyingi hazina.

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Afisa anayeteremka gatini Wasini na faili mkononi ndiye mgeni, na mwenyeji anangojea kuona kama faili hilo limebeba haki yake au limeisahau.