Windows ndani ya Mac: Usiingizwe mjini!

Umejinyima mpaka umenunua Mac, halafu kazini wanataka programu ya mahesabu inayokubali Windows tu. Kasheshe! Usiiuze kwa hasira. Zipo programu zinazotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Parallels Desktop ni rahisi kutumia, ila unalipia. VMware Fusion ni bure kwa kila mtu tangu Novemba 2024. Leseni ya Windows, hiyo ni mbali. Angalia na chipu: Mac za M1 ya 2020 na kuendelea zinataka Windows ya Arm, ambayo haiendeshi kila programu. Memori ikiwa GB 8, Mac na Windows zitaigombania. Kwa hiyo anza na ya bure, ujaribu hiyo ya mahesabu. Ikigoma, hela yako bado iko mfukoni. Tuonane wiki ijayo!