Sikiza injini kabla ya kubadilisha gia

Ikiwa umewahi kupanda bodaboda kutoka Kisii mjini kwenda Keroka, bila shaka unaujua mkasa huu. Mnapanda mlima. Mbele yenu kuna lori lililosheheni ndizi, linatambaa kama kinyonga na kutoa moshi mweusi. Mwendeshaji anakosa subira, anatoka upande wake na kuvuta mafuta hadi mwisho. Lo! Injini inakoroma tu. Mwendo hauongezeki, na huko juu matatu inateremka kwa kasi. Wewe nyuma unafumba macho na kuanza kuomba.

Baadaye mwendeshaji hulaumu pikipiki. Husema imezeeka. Ni kweli kwamba pikipiki nyingi zetu si changa. Zilifurika nchini baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa zile za chini ya cc 250 mwaka 2008, na baadhi zimepita mikono mingi. Lakini aghalabu kosa si la uzee. Kosa ni la gia.

Hebu tuelezane. Injini ndogo za cc 100 hadi 150 huvuta vyema zikizunguka kama mara 5,000 kwa dakika, na nguvu zake zote hufika kileleni kwenye mizunguko 7,500 hivi. Chini ya 3,000 ni kama punda mwenye njaa: hata umchape namna gani, haendi.

Sasa, kila unapopandisha gia, mizunguko hushuka. Ukitoka gia ya pili kwenda ya tatu injini ikiwa kwenye 4,000, itaangukia chini ya 3,000. Hapo umejinyima nguvu mwenyewe. Lakini ukingoja hadi karibu 8,000, itaangukia kama 5,500, mahali ambapo bado inavuta. Kwa hivyo anayetaka kuongeza mwendo upesi hubadilisha gia pale nguvu zinapopita kilele kidogo, si kabla. Gia ya kwanza ndiyo ya kungojwa zaidi, kwani pengo kati yake na ya pili huwa kubwa kuliko mengine.

Utauliza, nitajuaje ilhali pikipiki yangu haina mita ya kuhesabu mizunguko? Una masikio, na una mgongo. Sauti ya injini hupanda, nawe unahisi ukisukumwa mbele. Ikifika mahali kelele inaongezeka lakini msukumo unapungua, badilisha hapo hapo. Kuendelea kuvuta ni kupoteza mafuta na kuiumiza injini. Injini kuukuu ina springi za valvu zilizochoka, haifai kulazimishwa. Iwapo injini inapiga mayowe na mwendo hauongezeki hata kidogo, huenda klachi imeisha na inateleza. Mwone fundi kabla hujamwona daktari.

Kuna jambo jingine ambalo wakazi wa Kisii na Nyamira hawana budi kulikumbuka. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Pikipiki iliyopaa kama mshale kule Mombasa, hapa itapumua kama mzee anayepanda ngazi. Ongeza abiria na mkungu wa ndizi, na hesabu inakuwa ngumu zaidi.

Ndiyo maana gia ya kupitia lori huchaguliwa ukiwa bado nyuma ya lori. Ukiwa kwenye gia ya nne, shuka hadi ya tatu, au hata ya pili ikiwa mlima ni mkali. Sikiza. Kama injini inavuta na barabara ni nyeupe hadi mbali, pita. Kama haivuti, basi kaa nyuma ya lori na uvumilie moshi. Moshi huoshwa kwa maji. Na kumbuka kuwa sheria ya trafiki inakuruhusu abiria mmoja tu. Ukibeba wawili hakuna gia itakayokuokoa mlimani.

Nawe mama uliyeuza ng'ombe ili mwanao apate pikipiki, usidhani haya ni mambo ya wanaume wa gereji. Jioni ya leo akirudi nyumbani, mpe chai, kisha umwulize swali moja tu: "Mwanangu, kabla ya kupita lori mlimani, unakuwa kwenye gia gani?" Akijibu haraka bila kufikiri kuwa ni ya nne, usimwache alale kabla hamjaongea.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.