SAMAKI WA DIMBWINI NA DHARAU YETU

Ndugu msomaji, uko ugonjwa mmoja unaotusumbua sana, nao ni kukidharau kilicho chetu mpaka mgeni aje akisifu. Tumeuona ugonjwa huu katika lugha, tumeuona katika mavazi na katika vyakula. Leo nataka tuutazame mahali ambapo hukutarajia kuukuta: ndani ya dimbwi la mvua, kando ya shamba la mpunga, Ifakara.

Mvua zikishika katika Bonde la Kilombero, madimbwi ya mbugani huonekana yana samaki wadogo ambao wakati wa kiangazi hawakuwapo. Madume yao yamepambwa kwa buluu na wekundu. Majike hayana rangi ya kutazamwa. Mtoto huwakamata kwa kipande cha chandarua kuukuu, akawatia koponi, na jioni wamekwisha kufa. Mtu mzima apitaye hapo husema, "Tupa takataka hizo!"

Sasa sikia. Mwaka 2002 wataalamu walieleza aina mbili mpya za samaki hawa kutoka bonde hili hili, wakaziita Nothobranchius kilomberoensis na Nothobranchius geminus. Jina la mto wako, ndugu yangu, limeingia katika vitabu vya elimu ya samaki. Na huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga samaki wa jamaa hii majumbani mwao, katika matangi ya kioo. Huwazalisha, kisha hupelekeana mayai kwa posta. Juu ya mfuko huandika aina ya samaki na mahali walikotoka wazazi wake, ili asije akachanganywa na wa bonde jingine. Mtu ambaye hajapata kuiona Tanzania analihifadhi jina la mahali pako, nawe mwenyeji unalifukia dimbwi kwa maganda na chupa!

Wala watu hao hawakupumbazika bure. Dimbwi likikauka, samaki wote hufa. Lakini mayai yamekwisha kutagwa topeni, nayo hulala humo miezi kadhaa bila ya kuoza na bila ya kuanguliwa. Mvua zikirudi, vifaranga hutoka, na baada ya majuma machache wamekuwa wakubwa na wanataga tena, kwani umri wao wote aghalabu haufiki mwaka. Ajabu zaidi ni kwamba mayai hayaanguliwi yote kwa mvua moja. Mengine huendelea kulala, ili mvua ya kwanza ikiwa ya udanganyifu na dimbwi likakauka mapema, kizazi kisikatike. Ni nani aliyelifundisha yai kungoja? Jamaa yake mmoja, Nothobranchius furzeri wa Zimbabwe na Msumbiji, hufugwa na wanasayansi katika maabara ili kuchunguza uzee, kwa sababu huzaliwa, hukua na kuzeeka katika miezi michache tu. Na hicho ndicho kiumbe tunachokiita takataka.

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema, "Samaki asiyejaza kijiko ana faida gani?" Huyu namwomba atazame Kihansi. Mto Kihansi unashuka kutoka milima ya Udzungwa na kuingia katika bonde letu. Kwenye manyunyu ya maporomoko yake aliishi chura mdogo sana asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Maji yalipogeuzwa njia ili kuzalisha umeme, manyunyu yakapungua, na wengi wetu tulicheka tulipoambiwa kuwa kuna watu wanamlilia chura. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani wakafugwa katika masanduku ya kioo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarejesha Kihansi kwenyewe, ambako mabomba yamewekwa ili kuiga manyunyu tuliyoyapoteza. Tazama hesabu hiyo! Kiumbe tuliyepewa bure ilibidi tumfuate ng'ambo ya bahari, tumrudishe kwa ndege, na tumnunulie mvua ya bomba. Je, twangoja na samaki wetu wafike huko?

Wa pili atasema, "Dimbwi ni mazalio ya mbu, lifukiwe." Hili si neno la mzaha, hasa Ifakara, mji uliouguza na kuzika kwa malaria, na ambao utafiti wa ugonjwa huo umefanyika kwa miaka mingi katika taasisi yake ya afya. Lakini tupambanue. Kopo lililotupwa, tairi bovu, wayo wa ng'ombe na njia ya magurudumu ya trekta, haya ni maji yasiyo na samaki. Yamwage na uyafukie, hapana atakayekulaumu. Ama dimbwi la mbugani lenye samaki hawa, humo wamo walaji wa viluwiluwi. Simwambii mtu aache kulala ndani ya chandarua kwa sababu jirani yake ni dimbwi lenye samaki. Huo utakuwa upumbavu. Namwambia asiwaue walaji wa viluwiluwi, kisha akalalamika kuwa viluwiluwi vimezidi.

Wa tatu atasema, "Kufuga samaki asiyeliwa ni anasa, ni mchezo wa Wazungu." Si kweli. Imepokewa kwamba Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kijindege cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali alikuwa akimwuliza habari zake kwa upole. Wanavyuoni wamechukua humo ruhusa ya kumfuga kiumbe wa kutazamwa. Lakini imepokewa pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha akajitafutie. Basi kufuga kumeruhusiwa, na kudhulumu kumekatazwa. Mwenye kumtia samaki mwekundu wa dukani katika bakuli dogo la kioo, maji yakachafuka na samaki akafa, naye akanunua mwingine kama anunuaye kiberiti, huyo ndiye mwenye kulaumiwa. Mwenye kujifunza haja za kiumbe na kuzitimiza hana lawama, na hasa mwalimu afundishaye watoto kwa njia hiyo.

Na haja za samaki huyu si kubwa. Tangi dogo lamtosha, dume moja kwa majike mawili au zaidi, maana dume husumbua. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yasitumiwe mpaka yakae wazi siku moja au zaidi. Chumvi kidogo tu humkinga na maradhi ya ngozi. Chakula chake ni hao viluwiluwi wanaokukera. Chini weka kibakuli chenye tope laini, au unga wa makumbi ya nazi uliochemshwa, ili atage. Ukishapata mayai, kamua unga huo mpaka ubaki na unyevu kidogo, utie katika mfuko, andika tarehe na mahali, uweke kivulini miezi kadhaa, kisha uumwagie maji. Watoto wa darasa zima watasimama kuzunguka chombo hicho, na watajifunza subira kuliko kwa hotuba kumi. Uchukue wachache tu, wala usilimalize dimbwi. Mimea pia iko hapo hapo mbugani, na yungiyungi letu halishindwi kwa uzuri na ua la ng'ambo.

Hapa pana onyo kubwa. Magugumaji yaliyoliziba Ziwa Victoria asili yake ni Amerika ya Kusini, nayo yalisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikwisha kuingia ziwani, yakawafungia wavuvi njia. Yuko na konokono wa Amerika ya Kusini, atagaye mayai ya rangi ya waridi kwenye mabua juu ya maji, ambaye amesambazwa duniani kama chakula na kama pambo la matangi ya samaki. Chakula chake ni miche ya mpunga. Mwaka 2020 aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya. Mwea si mbali, ewe mkulima wa Ifakara! Anayechoka na tangi lake akamwaga mtaroni samaki, konokono na majani ya dukani anamwagia jirani yake njaa. Vya mgeni vife mikononi mwako, uvifukie mahali pakavu, kuliko kuvitia katika maji ya Kilombero.

Basi ndugu msomaji, kazi ni nyepesi kwa anayetaka kuifanya. Mwenye shamba aache dimbwi moja la mbugani bila ya kulifukia wala kulimwagia dawa. Anayejenga atazame kwanza anajenga juu ya nini. Mwalimu aweke tangi moja darasani, la samaki wa hapo hapo, na aandike jina la mahali walikotoka. Lakini asijidanganye mtu kwamba tangi linatosha: kioo ni kimbilio, na dimbwi ndilo nyumbani. Mayai yaliyomo topeni leo yanangoja mvua ijayo. Mwenyezi Mungu atujaalie tusiwe sisi tuliofukia mahali yatakapoamkia.