Nyumba Zetu Hazina Majalada

Babu yangu alifariki dunia mwaka 2018 huko Kongwa, na asubuhi ya maziko nikapewa kazi ambayo kila mtu aliiona kuwa nyepesi kwangu, yaani kuandika wasifu wa marehemu. "Wewe ndiye mwandishi wa gazeti," jamaa walisema, na hakuna aliyetaka kusikia neno jingine. Nikachukua kalamu na karatasi, nikaketi chini ya mti pamoja na baba yangu, shangazi zangu wawili na wazee watatu wa ukoo. Baada ya saa mbili nilikuwa nimeandika mistari minne, na mmoja wa mistari hiyo ulikuwa jina lake.

Mwaka wa kuzaliwa haukujulikana. Mzee mmoja alisema marehemu alizaliwa mwaka wa nzige. Mwingine akashikilia kwamba nzige walipokuja marehemu alikuwa tayari anachunga ndama. Walikubaliana juu ya jambo moja tu: mwaka 1947, Waingereza walipoleta matrekta yao Kongwa kwa ule mpango wao wa karanga, yeye alikuwa kijana mwenye nguvu, kwa kuwa aliajiriwa kung'oa visiki, na mpango ulipokufa mwaka 1951 akarudi nyumbani na koti moja na baiskeli. Lakini alibatizwa lini? Wasimamizi wake walikuwa nani? Na mama yake, yule aliyenusurika Mtunya, njaa kuu iliyoiangamiza Ugogo kati ya mwaka 1918 na 1920, aliitwa nani? Hapo wazee walitazamana. Marehemu alikuwa mwinjilisti kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa mkono wake aliandika majina ya watoto wa watu wengine katika madaftari ya kanisa, mamia kwa mamia, lakini karatasi zake mwenyewe zilikwisha kuliwa na mchwa ndani ya sanduku lililowekwa sakafuni. Pale kaburini nilisoma kwamba "marehemu alizaliwa miaka mingi iliyopita." Watu wakaitikia Amina kwa heshima. Mimi nilikunja karatasi yangu kwa aibu.

Naisimulia aibu hii katika ukurasa huu kwa sababu wasomaji wake wengi ni walimu na watumishi wa serikali, watu ambao riziki yao hutoka katika karatasi. Mtumishi wa serikali anajua masijala ni kitu gani; anajua kwamba barua isiyo na kumbukumbu namba ni kama haikuandikwa, na kwamba jalada likipotea haki ya mtu hupotea pamoja nalo. Mwalimu naye hawezi kuingia darasani bila andalio la somo, na kila siku huita majina na kuweka alama katika daftari la mahudhurio. Sasa tuulizane, ndugu zangu: watu hawa wakirudi nyumbani jioni, jalada la nyumba liko wapi? Ni nani anayejua siku ambayo mtoto wa pili alianza kutembea, au mwaka ambao baba mkubwa alihamia Morogoro, au sababu ya shamba la mtoni kuitwa la shangazi? Tunaihifadhi kumbukumbu ya Taifa kwa mshahara, na kumbukumbu ya nyumba zetu tunawaachia mchwa.

Siku hizi mchwa amepata mwenzake, nao ni simu ya mkononi. Zamani mzazi alimpeleka mtoto studio, akapigwa picha moja kwa mwaka, na nyuma ya picha ile ikaandikwa tarehe kwa wino. Leo tunapiga picha mia moja kwa siku moja ya kipaimara, simu ikiibiwa kituo cha mabasi tunapiga kelele juu ya bei ya simu, kumbe tumeibiwa miaka mitano ya utoto wa watoto wetu.

Nyumbani kwangu somo hili lilitufikia kwa njia ya maradhi. Tarehe 17 Machi 2020 ilitangazwa kwamba shule zifungwe kwa ajili ya korona, na shule za msingi hazikufunguliwa tena mpaka tarehe 29 Juni. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, tukaona kwamba kwetu hakuna tatizo. Akabandika ratiba ukutani, akaweka kengele juu ya kabati, na meza ya chakula ikageuzwa dawati. Kabla ya wiki kwisha, mwalimu aliyekuwa akitawala darasa zima la watoto alikuwa ameshindwa na watoto wawili aliowazaa mwenyewe. Binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, alisema shule ya mama haina wenzake wa kucheza nao. Mdogo wake alijifungia chooni.

Aliyetuokoa ni mama yangu, aliyekuwa amekuja kwetu kwa matibabu na akazuiwa na hali ile. Jioni moja, baada ya sala, alimwambia mjukuu wake achukue kalamu aandike, kwa kuwa yeye bibi macho yake hayaoni vizuri. Tulikuwa na kaunta buku moja ambayo haijatumika. Humo binti akaandika namna bibi yake alivyokuwa akitembea kwa miguu kwenda shule, walichokula njiani, na mwalimu aliyewafundisha wimbo wa kuhesabu. Kesho yake akaandika tena. Wiki ya tatu ratiba ya ukutani ikashushwa, maana kaunta buku ile ilikuwa imekwisha kuwa shule. Hesabu ilitoka humo: ikiwa mama wa babu alikuwa msichana mdogo wakati wa Mtunya, na mwanawe alikuwa kijana mwaka 1947, je, alimzaa akiwa na umri gani? Jiografia ikatoka humo, kwa kuchora njia ya kutoka Kongwa hadi Mpwapwa. Insha zikawa ni barua kwa shangazi, zenye maswali ambayo hatukuwa na majibu yake. Hata yule mdogo, aliyekuwa bado anapambana na kusoma na kuandika, alijifunza silabi kwa majina ya ndugu zake, na jina la ukoo wetu likawa neno refu la kwanza aliloliandika bila kukosea.

Wapo ndugu zetu katika imani ambao kutokana na mambo ya namna hii wamefikia uamuzi mwingine. Wanasema, kama nyumba ya Kikristo yaweza kufundisha hivi, basi mtoto asipelekwe shule kabisa. Afundishwe na wazazi wake, akae mbali na matusi na tabia mbaya. Wanautolea mfano Marekani, ambako tangu mwaka 1993 majimbo yote yanaruhusu watoto kusomeshwa nyumbani, na ambako familia nyingi za Kikristo hufanya hivyo. Sina ugomvi na Wamarekani. Wana historia yao. Lakini sisi tuna historia yetu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule na ahakikishe anahudhuria, na sera mpya ya elimu imeufanya muda wa elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Na kabla ya hapo, kwa sheria ya mwaka 1969, Taifa lilizichukua shule za misheni, ili kuingia darasani kusitegemee dhehebu la baba. Katika dawati moja binti yangu anakaa na mtoto wa sheikh na mtoto wa mama anayeuza vitumbua stendi. Somo hilo siwezi kumpa mezani kwangu hata nikiwa na vitabu vya dunia nzima.

Kosa la ndugu hao, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba nyumba ikifundisha, shule haina kazi. Wengi wetu tunaishi katika kosa la upande wa pili, nalo ni kubwa zaidi: tunadhani kwamba shule ikifundisha, nyumba haina kazi. Tunalipa michango, tunanunua sare, kisha tunakaa mbele ya televisheni. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwezi Machi 1967, alikumbusha kwamba kutokuwapo kwa shule kabla ya wakoloni hakukuwa na maana ya kutokuwapo kwa elimu. Watoto walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda, nyumbani na shambani, na wazee walikuwa walimu. Tumelisoma andiko hilo vyuoni, tumejibia mitihani, tumepata vyeti.

Wala jambo la mzazi kumwandikia mtoto si geni katika lugha yetu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliacha utenzi kwa ajili ya binti yake, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1858. Shaaban Robert, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali kama wasomaji wangu, aliwatungia tenzi watoto wake mwenyewe. Hao walikuwa Waislamu, na Wakristo tungefaa kujifunza kwao bila haya. Katika nyumba za Kikristo pia tunaye James Mbotela wa Freretown, karibu na Mombasa, aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Baba yake alikamatwa utotoni akafanywa mtumwa, kisha akakombolewa baharini. Mzee alisimulia, mwana akaandika. Kama mwana angesema kwamba hayo ni mambo ya wazee, leo tungekuwa na habari za kukomeshwa kwa utumwa kutoka kwa manahodha wa Kiingereza peke yao.

Najua atatokea msomaji aseme kwamba haya ni starehe ya watu wenye nafasi. La hasha. Kijana mmoja wa ukoo wetu alifiwa na baba angali mdogo. Alipofaulu kwenda chuo kikuu akaomba mkopo, na mwombaji aliye yatima hutakiwa kuonyesha cheti cha kifo cha mzazi, kilichohakikiwa na RITA. Cheti hakikuwapo, kwa kuwa kifo chenyewe hakikupata kuandikishwa popote. Tarehe ya kifo ilibishaniwa na wajomba wawili, kila mmoja kwa kuapa. Kijana alizunguka na barua za mtendaji wa kijiji mpaka muda wa maombi ukapita, akabaki nyumbani mwaka mzima akiuza vocha. Mstari mmoja wa wino ulioandikwa siku ya msiba ungemwokolea mwaka wa ujana wake.

Tena, tunapoandika tuache kuandika sherehe tu. Hapa natubu mimi mwenyewe. Katika kaunta buku yetu ya kwanza zilijaa harusi, ubatizo na mahafali, kana kwamba tumeishi miaka yote tukila pilau. Ndipo siku moja binti aliuliza kwa nini kati ya mwaka wake wa kuzaliwa na wa mdogo wake hakuna kitu. Mimi na mama yake tulinyamaza. Kati yao alizaliwa mtoto wa kiume aliyeishi siku kumi na moja. Muuguzi wa zamu, kwa kuwa alikuwa Mkristo na mchungaji alikuwa mbali, alimbatiza kwa maji ya kikombe na kumpa jina ambalo mke wangu alimnong'oneza. Hatukuwa tumewaambia watoto. Hatukuwa tumelitamka jina lile sisi kwa sisi kwa miaka mingi, na katika kila fomu tuliyojaza palipoulizwa idadi ya watoto tuliandika wawili. Usiku ule mke wangu alichukua kalamu akaandika ukurasa mzima, siku moja baada ya nyingine, zote kumi na moja, pamoja na jina la muuguzi. Sikujua kwamba alikuwa anazikumbuka. Watoto walisoma kesho yake. Mdogo aliuliza kama kaka yake naye alikuwa na masikio makubwa kama yake. Mama yake akasema ndiyo. Tangu siku ile katika sala ya jioni hutajwa watoto watatu.

Mwenye kutaka kuanza hana haja ya kungoja semina. Kaunta buku yenye jalada gumu, wino usiofutika, na mahali pa juu pasipofikiwa na mchwa wala mvua. Siku ya Jumapili jioni ukurasa mmoja, mtoto ndiye mwandishi na mzee ndiye msemaji. Vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo na vya shule vitolewe nakala na kubandikwa humo. Deni liandikwe, mpaka wa shamba uandikwe pamoja na majina ya majirani walioshuhudia, na ugomvi uandikwe pia na namna ulivyopatanishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 Taifa zima lilihesabiwa, na karani wa sensa alipofika kwetu kuuliza umri wa kila mtu, ni binti aliyemjibu akiwa na kaunta buku mkononi. Kwa mama yangu alisema mwaka, mwezi na msimu wa mvua.

Mwaka jana, wakati wa likizo, nilikwenda naye Kongwa. Tuliomba ruhusa tuone daftari la ubatizo la kanisa alikobatizwa babu. Karatasi zake zimegeuka rangi ya chai na kingo zinavunjika ukizigusa. Ilikuwa saa nane mchana binti alipoweka kidole juu ya mstari mmoja: Pasaka, 1946, umri yapata miaka kumi na saba. Yule mzee wa nzige hakuwa amekosea sana. Katika safu ya jina la mama palikuwa na neno moja la Cigogo, limeandikwa kwa mwandiko wa kulala. Tulilinakili, tukalipeleka kwa dada yake babu, ambaye bado yu hai na sisi wajukuu twamwita bibi. Alisikiliza likisomwa mara mbili. Kisha akaanza kutueleza mama yao alilipataje jina lile, na binti akafungua ukurasa mpya.