Namugongo na Mengo

Wako watu wayasifuo mateso kana kwamba moto wenyewe ndio uutakasao moyo. Kwao Mkristo akisha kuteswa amekwisha kushinda, wala hapana la kuulizwa zaidi. Maoni haya yana heshima kubwa makanisani. Walakini habari za Buganda zayakanusha.

Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana waliotumika katika nyua za Kabaka Mwanga, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Kosa lake lilikuwa nini? Askofu James Hannington alikuwa ameuawa Busoga tarehe 29 Oktoba kwa amri ya Kabaka, na Mukasa akamkemea bwana wake kwa kumwua mgeni asiyesikilizwa. Hannington alikuwa Mwanglikana, tena hakupata kufika Buganda. Mukasa alikuwa Mkatoliki. Basi mtu huyu wa kwanza katika mashahidi Wakatoliki alitoa shingo yake kwa haki ya mtu wa kanisa lingine. Jambo hili husemwa kwa haraka katika mahubiri, kisha hupitwa.

Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana siku moja. Mmoja wao, Mbaga Tuzinde, alikuwa amelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji. Jamaa zake walimsihi akane, asikane. Mukajanga akaamuru apigwe shingoni kwanza, asiuonje moto akiwa hai. Wasemao kwamba vijana hawa walikuwa vyombo vya wageni wamesahau kwamba mapadre walihama Buganda mwaka 1882, wasirudi mpaka 1885, na katika muda huo wasomaji walifundishana wenyewe. Imani ilikuwa yao. Wala ushujaa haukuwa mali ya Wakristo peke yao: yapata miaka kumi kabla yao vijana Waislamu waliuawa kwa amri ya Kabaka Mutesa, kwa kuwa walikataa nyama ya Kabaka isiyochinjwa kwa sheria yao.

Sasa na waje wenye kuyasifu mateso, watazame Mengo. Tarehe 24 Januari 1892, miaka isiyotimia sita baada ya moto ule, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki katika mji wa Kabaka, na Kapteni Lugard akaufyatua mzinga wake wa Maxim upande wa Waprotestanti. Wakatoliki wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, kisha Buddu. Kiongozi wa Waprotestanti alikuwa Katikiro Apolo Kagwa, naye mwaka 1886 alikuwa amepigwa vibaya na Mwanga kwa ajili ya dini yake. Makovu hayakumzuia.

Hujibiwa kwamba ile ilikuwa vita ya siasa, si ya dini. Vema! Lakini Mwanga naye alikuwa na siasa yake. Mwaka 1885 Wadachi walikuwa wamekwisha kutia mguu pwani, na ulikuwako utabiri kwamba adui wa kuivunja Buganda angetoka mashariki. Hannington alikuja kwa njia hiyohiyo. Ikiwa siasa yawafuta lawama Wakristo wa Mengo, yamfuta Mwanga pia, na hapo Namugongo pamebaki bila mkosaji. Wenye hoja hii na wachague.

Aliye tayari kufa kwa imani yake huenda akawa tayari kuua kwa imani iyo hiyo, na mateso hayamwonyeshi ni yupi. Mukasa alijulikana alipokuwa na cheo, sikio la mfalme likiwa karibu naye, akalitumia kwa ajili ya mgeni.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, na katika hotuba yake hakuwasahau Waanglikana waliokufa pamoja nao. Hata hivyo Namugongo pana mahali pa ibada pawili, wala si mbali. Kila tarehe 3 Juni, siku ya mapumziko kwa Uganda nzima, umati wa watu hufika kwa miguu, wengine wametembea siku nyingi, nao hugawanyika njiani, kila kundi likaenda kwake. Tarehe 24 Januari haina sikukuu.